Kimo cha Nyumba ya Azaiba

Azaiba, 24 Juni 2007

Kwa mwanangu Aflah,

Assalaam alaykum. Nnatumai barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na hao wagonjwa wanaokuja kuchukua dawa kwako wanakuacha ule kwa wakati. Mimi sijambo. Magoti ni yale yale, na presha inapanda na kushuka kama mtoto asiyejua akae wapi. Mamdogo wako Mwanamize anakusalimu sana. Anasema kwenye ile picha umekonda, na kwamba huko Cardiff hakuna mtu wa kukusukuma ule.

Simu ya Ijumaa ilishakwambia kuwa tumesalimika, lakini simu ile ina masikio mengi, na marehemu babako alitufundisha kuwa jambo la maana liandikwe. Basi nnaandika.

Tufani lilipokuja mvua ilinyesha mchana kutwa. Lile wadi, bonde la maji ya mvua nyuma ya ukuta, tulilozoea kuliona kavu na mbuzi wamelala ndani yake, lilishuka na magari, milango, na mtende mzima na mizizi yake. Mwanamize alikuwa amekuja kulala kwangu. Tulikaa sebuleni tukisoma Yasin, na kila akimaliza aya alikwenda kuchungulia ngazi za mbele, akirudi kunambia maji yamefika kidato gani. Yalipanda mpaka chini ya kizingiti, yakasimama. Sebuleni halikuingia tone.

Kilichojaa ni jiko la uani tu, lile la zamani. Unakumbuka babako alilijenga chini kuliko uwa, kama la kwao Unguja, ili maji ya kuoshea yatoke yenyewe kwa tundu la ukutani. Basi tundu la kutolea maji likawa la kuingizia. Asubuhi tulilikuta sufuria la pilau linaelea karibu na dari. Mwanamize akasema sufuria linajua kuogelea kuliko wenyewe.

Majirani wanakuja kuzitazama ngazi zetu na kumrehemu babako Ghassan, aliyeona mbali akainua nyumba wakati wenzake wakimcheka. Nami nawaitikia.

Sasa ofisi ya manispaa imetangaza kuwa kila nyumba iliyo ukingoni mwa wadi ilete cheti cha kimo kabla ya mwisho wa Septemba. Anakuja mpimaji mwenye leseni, anapima sakafu iliyo chini kuliko zote katika zile zinazotumika. Ikiwa juu ya mstari wa mafuriko, nyumba inabaki. Ikiwa chini yake, inabomolewa pawe njia ya maji, na wenyewe wanapewa kiwanja kwengine.

Nambie la kufanya.

Mamako,
Nasriya


Cardiff, 9 Julai 2007

Mama yangu mpenzi,

Waalaykumu ssalaam. Mimi mzima, kifua kimepoa, na mwambie mamdogo kuwa picha ile ilipigwa kwa ubavu. Magoti unayakanda kwa ile dawa niliyokuletea, au umempa Mwanamize?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Yale maji kusimama chini ya kizingiti, Mama, nililia na sioni haya kukwambia. Nilimuona baba na kanzu yake imejaa saruji kila Alkhamisi akitoka kazini, na mimi wa miaka kumi na tano nnambebea vigae, anaambiwa na fundi kuwa ngazi hizi zimezidi, na yeye anajibu, "Ongeza moja." Siku ya khitma yake nilisema nyumba hii haitoki mkononi mwetu, na neno lile sikulisahau. Wewe pia najua hukulisahau. Kukuhamisha wewe hapo ni sawa na kukutoa roho.

Kwa hivyo cheti kipatikane upesi. Nimeandikiana na kampuni moja ya upimaji, watakupigia simu. Sebule ina kimo cha kutosha na zaidi. Hatari ni moja tu, jiko la uani. Liko chini mno. Lakini tangu mwaka 1996 tulipotia jiko la gesi ndani, lile ni stoo, na stoo haihesabiwi. Tia kufuli. Mpimaji akiuliza mwambie ni stoo, na utakuwa umesema kweli.

Nikimaliza mkataba wangu huku nnataka kurudi nikae ghorofani juu yako. Nikusikie ukikohoa, nawe unisikie nikichelewa kurudi.

Nibusie mkono wa mamdogo.

Mwanao,
Aflah


Azaiba, 22 Agosti 2007

Kwa mwanangu Aflah,

Baada ya salamu, mimi nashukuru Mungu, na joto limeanza kutuachia pumzi saa za alfajiri. Natumai nawe hujambo na mvua haikukushika bila ya mwavuli kama kawaida yako.

Kampuni imepiga simu. Mpimaji atakuja Jumatano ijayo.

Hapa hakuna jipya. Juzi kengele ya lango ilipigwa. Mpaka nimeshika bakora, nimetoka sebuleni, nimeshuka ngazi na nimefika langoni, mgeni ameshakwenda. Nilikuta mfuko wa ndimu umetundikwa kwenye kitasa. Mpaka leo sijui nimshukuru nani. Mwanamize anasema nitundike na mimi mfuko wa shukurani hapo hapo, anayehusika atauchukua.

Yeye sasa yuko Mawaleh kwa mwanawe, fleti ya chini, karibu na soko kuu la mboga. Anasema anaamshwa na malori ya tungule na hataki kulala pengine.

Jiko la uani tulikwisha kulitoa tope lote. Lilipokauka hamu ikanishika, nikawasha seredani, nikapika mkate wa kumimina, makaa chini na makaa juu, kama wa bibi yako. Wa gesi hauwi hivyo. Nimeupika juzi, na jana, na leo pia.

Jilinde na baridi.

Mamako,
Nasriya


Cardiff, 3 Septemba 2007

Mama yangu,

Nakuamkia kwa haraka. Barua yako imefika leo, na Jumatano uliyoitaja imeshapita, kwa hivyo najua nnaandika nikiwa nimechelewa. Mama, umeliwasha jiko la uani? Mkate nnautamani mpaka mate yananitoka, lakini jiko lile, wiki ile? Niambie ulilizima kabla hajaja. Niambie alikuta kufuli.

Nnangoja jibu lako kwa posta ya kwanza.

Mwanao,
Aflah


Azaiba, 5 Septemba 2007

Kwa mwanangu Aflah,

Assalaam alaykum. Kwa upande wa afya sote wazima, ila habari yenyewe si nzuri kwako, na sitaki uisikie kwa mtu mwengine.

Mpimaji alikuja, kijana wa Kikenya, jina lake Josphat, mwenye adabu. Alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu barabarani kwenye alama ya serikali, akaja nacho hatua kwa hatua mpaka uwani, huku msaidizi wake akishika fimbo ndefu yenye namba. Sebule ilipita, na jiko la ndani pia. Jiko la uani liko chini ya mstari wa mafuriko, na kwa kuwa linatumika ndilo lililoandikwa. Cheti kimetoka hivyo. Nyumba haikupita.

Ofisi imesema tutapewa kiwanja kwengine, na tunaweza kukaa hapa mpaka zamu yetu ya kubomolewa ifike.

Usihuzunike kupita kiasi, mwanangu. Ramadhani inakaribia. Nakuombea saumu njema.

Mamako,
Nasriya


Cardiff, 20 Septemba 2007

Mama,

Nakutakia afya na Ramadhani yenye baraka.

Sikulaumu. Nimeandika neno hilo nikalifuta nikaliandika tena, kwa sababu nataka liwe kweli. Lakini sielewi. Wewe umesomesha jografia miaka thelathini. Umewafundisha watoto wa nchi mbili maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Nilikwandikia kwa herufi kubwa kidogo tu kuwa hatari ni jiko lile. Ilibaki kutia kufuli tu.

Nimepeleka rufaa. Maadamu rufaa ipo, nyumba haiguswi. Tafadhali usisaini karatasi yoyote, na usimwambie mtu kuwa umekubali.

Mwanao,
Aflah


Mawaleh, 11 Februari 2008

Kwa mwanangu Aflah,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nilikwandikia Idi ndogo, nikakwandikia Idi kubwa, na posta haikuniletea kitu, ila mwenyewe ulituma salamu kwa mamdogo wako kwenye simu, na mimi nikazipokea kama zangu. Natumai ni kazi tu. Kama si kazi, basi pia mimi ni mamako.

Utaona juu ya karatasi kuwa nnaandika kutoka Mawaleh. Mwezi wa Disemba nilijikwaa ngazini. Sikuvunjika, usishtuke. Mwanamize akaja na gari la mwanawe, akasema hakuja kunitazama, amekuja kunichukua. Fleti iliyo ubavuni mwa yake ilikuwa tupu. Nyumba ya Azaiba imefungwa, funguo ninazo, na hakuna nilichosaini.

Nikwambie maisha ya hapa, usije ukadhani nimeachwa mahali pabaya. Alfajiri malori yanaingia sokoni, na wapakuaji wanapigiana kelele kwa lugha sita, nami nazijua mbili. Mwanamize anakuja na sahani kabla jua halijatoka. Ananiuliza nimelalaje, halafu hasubiri jibu, anaanza kunieleza yeye kalalaje. Muuza kotimiri ananiita Ablah, kama walivyoniita wanafunzi wangu, na sikumwambia kuwa nimesomesha. Anasema nina uso wa kusahihisha.

Mlango wangu unatazama njia, hauna kidato hata kimoja. Mtu akibisha hodi nnamfungulia mwenyewe kabla hajabisha ya pili. Jana nilifungua mara saba. Wawili walikuwa wamekosea nyumba, nao pia niliwapa kahawa.

Daktari anasema moyo wangu umechoka na hakuna dawa ya kuupumzisha. Alisema kwa upole, akitazama ukuta. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, aseme huku ananitazama. Akasema miezi. Nakwambia na wewe kwa namna ile ile, huku nnakutazama.

Mamako,
Nasriya


Cardiff, 2 Machi 2008

Mama yangu,

Waalaykumu ssalaam. Nisamehe kimya changu. Haikuwa kazi. Nilikuwa na hasira na sikujua ya nani, nikaona bora ninyamaze. Habari ya daktari imenivunja. Nimeomba ruhusa kazini na nnafanya mpango wa kuja mwezi wa tano au kabla.

Na sasa sikiliza, nna habari njema ya kukuletea, angalau moja. Rufaa imesikilizwa. Wako tayari kupima tena bila ya jiko la uani, kwa sharti mkaazi wa nyumba athibitishe kwa maandishi na kwa saini yake kuwa jiko lilikuwa halitumiki. Wewe tu ndiye uliyekuwa ukikaa pale. Nimeambatanisha karatasi. Saini mahali nilipotia alama ya kalamu nyekundu na unirudishie, mimi nitaipeleka na karatasi nyengine zote.

Fikiria, Mama. Utarudi nyumbani. Hata kama ni miezi, iwe ndani ya nyumba yako, katika chumba alichokujengea baba. Sitaki umalize siku zako kwenye fleti ya kuazimwa, unaamshwa na malori.

Mwanao,
Aflah


Mawaleh, 20 Machi 2008

Kwa mwanangu Aflah,

Assalaam alaykum. Mwandiko huu umepinda, usidhani nimezidiwa. Nnaandika juu ya mto, kwa sababu Mwanamize ameichukua meza kukunia nazi. Nimekula, nimelala, nimecheka. Moyo unakwenda kama mtu anayerudi sokoni na mzigo, anatua, anapumzika, anajitwika tena.

Karatasi yako nimeipata. Kabla ya saini nna maneno ya kukwambia. Nimeyaweka tangu Agosti, na sitaki kwenda nayo.

Wewe unaamini nilisahau. Ulipoandika habari ya jografia niliona haya, kwa sababu sikusahau chochote. Barua yako ya Julai niliisoma vizuri. Hatari ni jiko la uani. Basi nilipoambiwa mpimaji anakuja Jumatano, nikatoa kufuli, nikamtuma mtu makaa, nikawasha seredani. Nilipika pale kila siku mpaka siku yake. Mkate ulikuwa mtamu, hilo sikukudanganya. Lakini sikupika kwa hamu. Nilipika ili jiko lile liwe linatumika.

Josphat alishamaliza kupima ndani. Alikuwa anafunga kitabu chake. Mimi ndiye niliyemwambia, "Bado uwani, njoo nikuoneshe." Akasimama mlangoni mwa jiko, akaona seredani ina moto na mkate juu yake.

"Mama, hapa bado mnapika?"

"Si unaona mwenyewe."

Akamtuma msaidizi wake garini, kisha akanambia kwa sauti ya chini, "Hii nyumba yenu ni mzuri sana. Ukifunga huu mlango, mimi nitaandika tu penye nimepima huko ndani. Watu wengi hufunga."

"Na nisipofunga?"

"Nitaandika vile nimeona."

"Basi andika vile umeona. Ila kwanza kula."

Akala kwa kusimama, ameishika fimbo yake kama askari wa zamu, na mara ya pili akaomba mwenyewe. Alipokuwa anaondoka aliniangalia kwa huruma, akidhani nimekuwa mzee wa kutojua ninalofanya. Nilimwacha adhani.

Kwa hivyo mimi ndiye niliyeikosesha nyumba cheti. Si tundu la ukutani, wala wadi, wala ofisi. Kweli niliyosema ilikuwa kweli, lakini niliiandalia moto. Skuli nilikuwa nikiwapa adhabu watoto waliosema nusu ya habari, na sijui mimi ningejipa adhabu gani.

Utaniuliza kwa nini. Mwanangu, sikuipenda nyumba ile. Nilimpenda aliyeijenga. Aliponifungulia lango siku ya kwanza, mikono yake imechunika kwa saruji, akanambia, "Nimekuinua, Nasriya, maji hayakupati," nilimshukuru mpaka nikalia. Na shukurani ikishatoka haina pa kurudi. Kila mwaka nilishukuru tena. Nikiwa kijana ngazi zile zilikuwa kitu cha kujionesha kwa wageni. Alipokufa, nikazeeka, zikawa ukuta. Majirani wamepandisha kuta zao, milango yao ni ya magari, hakuna anayepita kwa miguu. Nilikuwa nnakaa sebuleni, juu, mkavu, na nnasikia kengele inapigwa na watu wanaondoka.

Sasa nikwambie moja, halafu nitanyamaza. Ulipokuja mwaka 2005 ulipiga kengele mchana wa jua kali. Ukapiga tena na tena, ukaita kwa nguvu, "Mama, umelala?" Nilipokufungulia nilikwambia nilikuwa nasali. Ukacheka, ukasema sala zangu zimekuwa ndefu kama foleni ya pasipoti. Sikuwa nasali. Nilikuwa ngazini, nashuka kwa makalio, kidato kimoja kimoja, na katikati nilikaa kupumzika. Nilikuwa nnakusikia. Nilishindwa kukuitikia kwa sababu pumzi yote nilikuwa nimeiweka kwa kushukia.

Ningekwambia siku ile, yote haya yasingekuwapo. Lakini uliingia, ukazipanda ngazi mbili mbili kama ulipokuwa mtoto, ukashika ukuta ukasema, "Nyumba ya baba." Nani angekwambia?

Kuichukia nyumba si dhambi, na kuhama si dhambi. Kosa langu ni hili. Kwa sharia fungu langu katika nyumba ile ni thumni. Iliyobaki yote ni yako, mtoto wa pekee. Nilikuwa na haki juu ya sehemu moja ya nane nikaamua juu ya nyumba nzima, na nikakuacha umkasirikie mtu usiyemjua. Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe. Mengine nitamweleza babako nikimkuta. Atanuna siku mbili, kisha ataniuliza mkate ulikuwaje.

Karatasi yako nimeisaini. Lakini sikuiacha kama ilivyo. Chini yake nimeandika kwa mkono wangu: "Jiko lilikuwa halitumiki tangu mwaka 1996. Nililiwasha mimi mwenyewe wiki moja kabla ya kupimwa, kwa kusudi." Nadhani itatosha kuirudisha nyumba. Ukiipeleka, sitokasirika, nasema mbele ya Mungu. Utakuwa na nyumba ya babako, utaipanda mbili mbili mpaka magoti yako nayo yakukatae. Ila mimi usinirudishe. Mimi niache hapa hapa, na malori.

Mwanamize anaita, nazi imekwisha kukunwa. Hajui ninachoandika. Anadhani ni wasia, ameniambia nisimsahau kwenye bangili.

Mamako,
Nasriya


Cardiff, 4 Aprili 2008

Mama yangu mpenzi,

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Natumai umeamka vizuri, umekunywa dawa ya asubuhi na si ya jioni, na mamdogo amekurudishia meza.

Barua yako nimeisomea chumba cha nyuma cha duka la dawa, nimekaa juu ya boksi. Mwenzangu alikuja mara mbili kuniuliza kama nimefikwa na msiba. Nikamwambia hapana, mama yangu ameniandikia. Akasema wa kwake akimwandikia naye huwa hivyo hivyo.

Siku ile ya kengele naikumbuka. Nilikasirika, Mama. Nilisimama kwenye jua na mabegi nikisema moyoni, ndivyo anavyompokea mtu aliyetoka mbali. Na wewe ulikuwa upande wa pili wa lango, ngazini. Nimekuwa nikiwaonesha watu hapa picha ya ngazi zile, nnawaambia baba yangu aliinua nyumba juu ya mafuriko. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mama anashukaje, na mimi mwana sikuuliza. Miezi yote nilikuwa nnailinda nyumba, na aliyemo ndani nikamwacha anipigie hodi kwa barua mbili za Idi nisimfungulie.

Unaniomba msamaha. Nimekusamehe kabla hujakunja karatasi. Nisamehe na wewe.

Ama kuhusu sharia, umenena kweli, fungu kubwa ni langu. Basi na mimi kwa fungu langu nimeamua. Nimewaandikia ofisi kuwa nnaiondoa rufaa. Pawe njia ya maji. Baba alitaka maji yasikupate, na hayatokupata, Mawaleh iko mbali na wadi. Nimeuliza.

Ila mwalimu mzima, Mama. Kumlisha mpimaji ushahidi wake mwenyewe, mpaka akaomba kipande cha pili. Nimecheka peke yangu ndani ya basi mpaka dereva akanitazama kwenye kioo.

Ile karatasi uliyoisaini sikuipeleka. Nnakuja nayo mkononi. Mamdogo atafute seredani na makaa, akuweke kiti hapo nje, na sisi tutawashia moto kwa karatasi hiyo, tupike mkate. Tikiti nimeshakata, nitafika Alkhamisi tarehe 17, adhuhuri. Nitapita Azaiba kwanza, mwana wa mamdogo aje na funguo zako anifungulie lango, nizipande zile ngazi mara moja, polepole, kidato kimoja kimoja, nijue. Kisha nitakuja kwako moja kwa moja.

Mwambie mamdogo akisikia hodi asiinuke. Nifungulie mwenyewe, Mama. Nitasimama hapo mpaka utakapofika, hata ukichelewa.

Mwanao,
Aflah